Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuchora, Kuandika Shajara na Kusafiri na Daftari

Ukikaa mahali pa watu na daftari magotini, hazipiti dakika kumi bila swali. Abiria wa kiti cha jirani atachungulia, mtoto atasogea, mlinzi naye atakuja mikono nyuma kutaka kujua unaandika nini. Maswali ni yale yale kila ninapokwenda, na kwa kuwa mkono huwa kazini, majibu yangu yamekuwa ya mkato, mengine ya utani tu. Hapa nimeyajibu kwa kituo, pamoja na yale ambayo watu hunivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, utadhani kuchora ni ugonjwa.

Mimi sijui kuchora kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kiatu chako. Sitanii. Kivue, kiweke juu ya meza, kichore kwa dakika 20 bila kunyanyuka.

Mchoro wangu wa kwanza ninaoujali ni wa ndara za bibi yangu. Nilikuwa namsubiri amalize kuoga tutoke, sina la kufanya, nikatoa penseli. Nilipofika kwenye visigino nikaona kitu ambacho siku zote nilikuwa nakiruka: ndara ya kushoto ilikuwa imelika upande wa nje hadi imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu, na ya kulia ilikuwa nzima. Alipotoka nikamuuliza. Akacheka kwanza, kisha akakiri kwamba nyonga ilikuwa ikimuuma tangu mwaka uliopita, hakutaka kusumbua watu. Tuliishi nyumba moja. Mchoro wenyewe ulikuwa mbovu, ndara moja ndefu kuliko nyingine, kamba zimepinda ovyo, lakini wiki ile ile alipelekwa kwa daktari.

Kwa hiyo mtu akiniambia hajui kuchora, namuuliza kama anaweza kuandika jina lake. Akiweza, mkono anao. Kinachotukwamisha wengi ni kwamba tunachora tunachokijua badala ya tunachokiona. Mwambie mtu mzima achore uso, na macho atayapandisha juu karibu na nywele, kwa kuwa anaamini paji la uso halina habari. Simama mbele ya kioo upime: macho yako katikati kabisa ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Tumeishi na nyuso maisha yetu yote na bado tunazikosea kiasi hicho.

Zoezi linalovunja tabia hiyo ni la zamani na halina gharama. Chagua kitu, weka ncha ya penseli kwenye karatasi, kisha tembeza macho kwenye ukingo wa kitu hicho polepole kama sisimizi anayeupanda, penseli ikifuata mwendo wa macho. Karatasi usiitazame hata mara moja. Matokeo yatakuchekesha, na cheka tu. Rudia kila siku kwa wiki mbili. Mistari yako itaanza kuwa na habari ndani yake, hata ikiwa imekwenda kombo.

Simu yako ina kamera. Unajisumbua kwa nini?

Picha napiga, tena nyingi: ratiba za magari, ramani za ukutani, namba ya chumba nisije nikagonga kwa watu. Kamera ni karani mzuri. Ila kuna kazi ambayo karani hawezi kukufanyia.

Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon kwa meli, mnyama ambaye Ulaya haikuwa imemwona kwa karne nyingi. Albrecht Dürer, mchoraji hodari kuliko karibu wote wa zama zake, alikuwa Nuremberg na hakumwona kamwe. Alipata maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akafanya kazi kutokana na hayo. Kifaru wake amevikwa ngozi ya vipande vipande kama deraya la vita, na juu ya mabega amepachikwa kijipembe cha pili ambacho kifaru wa kweli hana. Picha ile ilinakiliwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 200. Ni nzuri mno, naipenda, lakini kila nikiitazama naona mkono wa bingwa uliofanya kazi bila macho yake mwenyewe.

Sasa picha ya simu nayo, kwa upande wangu, ni kama maelezo niliyoletewa na mtu aliyekuwa na haraka. Mtu huyo ni mimi. Safari moja basi letu liliharibika, tukakaa kando ya barabara saa sita nzima. Abiria wote tulilipiga picha gurudumu lililolegea, tukalituma kwa jamaa zetu, tukaanza kulalamika. Saa ya tatu, kwa kuchoka kulalamika, nikalichora. Ukichora gurudumu lazima uhesabu nati, huna njia ya kukwepa. Nati zilitakiwa kuwa kumi. Tatu hazikuwepo, na matundu yake yalikuwa na kutu ya siku nyingi. Nikarudi kuangalia picha yangu ya simu: matundu yote matatu yalikuwa yanaonekana vizuri kabisa, nami nilikuwa nimeitazama ile picha mara nne. Nilipomuonyesha dereva daftari alinyamaza kidogo, akaniomba nisiwaonyeshe wenzangu.

Ninunue vifaa gani?

Mchagua jembe si mkulima. Nimewaona watu wenye visanduku vya rangi 48 ambao mwaka unaisha hawajachafua brashi, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Penseli moja, kalamu moja, daftari moja. Hayo mengine yatakuja yakiitwa na kazi.

Penseli chukua 2B. Herufi zile kwenye penseli husomwa hivi: H ni ngumu na hafifu, B ni laini na nyeusi, na namba ikipanda sifa hiyo inazidi, HB ile ya shuleni iko katikati. Tofauti inatokana na udongo. Ndani ya penseli hakuna risasi hata kidogo, kuna grafiti, yaani madini meusi laini, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu. Njia hiyo aliisajili Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, wakati vita vilipoinyima Ufaransa grafiti safi ya Uingereza, ikabidi unga hafifu wa grafiti ufanyiwe ujanja. Penseli zote tulizozitafuna darasani ni watoto wa uhaba ule.

Daftari liwe la ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, au A6 iliyo nusu yake kama unapenda kuchora ukiwa umesimama. Angalia uzito wa karatasi, huandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80: penseli inapokea vizuri, rangi ya maji inaikunja kama kitambaa kilichorowa. Kuanzia gramu 150 unaweza kupitisha brashi yenye maji kidogo. Gramu 300 ndiyo karatasi ya rangi za maji hasa, ila daftari lake ni zito na utalionea huruma, utaanza kulitumia kwa sherehe tu. Mimi nimekaa kwenye 150.

Kuhusu kalamu, tafuta wino usioyeyuka kwa maji. Kuna wino unaotiwa rangi inayoyeyuka, na kuna ule wenye chembe ndogo za rangi ambazo hazirudi kwenye maji zikishakauka; wa pili ndio unaoufaa uchoraji. Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Chora mstari, subiri dakika moja au mbili, pitisha kidole kilicholowa. Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Nilichora ngazi ya mawe kwa saa nzima, kila jiwe mahali pake, kisha nikapitisha rangi ya kijivu ili kuweka vivuli, ngazi nzima ikageuka zambarau na kuteremkia ukingoni mwa ukurasa. Bado ninao ukurasa huo. Kando nimeandika neno ambalo sitalirudia hapa.

Rangi zikishakuita, tatu zinatosha kuanza: njano, nyekundu, buluu. Ukijifunza kuzichanganya utapata kijani cha majani halisi kuliko kijani cha kwenye kopo, ambacho huwa kikali mno. Na kwa safari kuna brashi yenye mpini wa plastiki unaojazwa maji ndani. Unaubinya kidogo, maji yanashuka kwenye nywele za brashi, huhitaji kikombe. Hiyo ndiyo anasa pekee ninayomsukumia mtu anunue.

Nina daftari zuri sana nililopewa zawadi, naogopa kuliharibu.

Ruka ukurasa wa kwanza. Anzia wa tatu, chora kitu cha hovyo kama soketi ya umeme. Ule wa kwanza andika jina lako na namba ya simu. Sababu utaiona mbele.

Watu hawatulii. Unawachoraje?

Hawatulii kweli, lakini hurudia. Mtu anayesubiri ana mikao mitatu au minne tu: ataegemea, atatazama saa, atashika kidevu, ataegemea tena. Anza mchoro wa mkao wa kwanza, akiubadilisha anza wa pili pembeni, usifute. Baada ya robo saa utakuwa na michoro minne nusu nusu, na yeye atakuwa anazunguka kati ya mikao hiyo kama mshale wa saa. Kila akirudi unaongeza kidogo. Mwanzoni nilikuwa nakasirika mtu akigeuka, nikamwona kama amenivunjia ahadi. Siku hizi nashukuru, amenipa ukurasa wa pili.

Usianze na uso. Anza na mstari mmoja unaoonyesha uzito wa mwili umelalia wapi, kutoka shingoni hadi kwenye mguu unaobeba. Ukiupata huo, hata kichwa kikiwa yai tupu, anayemjua mtu huyo atamtambua. Kwa vipimo, mtu mzima aliyesimama ana urefu wa kama vichwa saba na nusu vyake mwenyewe. Wanaoanza humpa vitano, ndiyo maana watu wao wanafanana na watoto waliovaa suti.

Na ukiwa umesimama mahali tambarare penye umati, kuna siri ya bure kabisa: mstari wa upeo uko usawa wa macho yako. Watu wazima wenye kimo kama chako, awe hatua tatu mbele au mita mia, macho yao yote yataangukia karibu na mstari huo huo mmoja. Wa mbali anapungua kuanzia miguuni, miguu inapanda juu, kichwa kinabaki pale pale. Ukilijua hili unaweza kujaza uwanja mzima wa watu kwa dakika tano: safu ya vichwa kwenye mstari, kisha unateremsha miili, mirefu kwa walio karibu, mifupi kwa walio mbali. Nilichora miaka miwili bila kujua. Umati wangu ulikuwa unaelea.

Kuhusu adabu. Anayelala, anayelia, mgonjwa, mtu aliye kwenye sala, simchori. Hakuna aliyenikataza, najua tu nisingependa kuamka nikajikuta kwenye daftari la mtu. Mtu akinigundua ninamchora, namtabasamia na kumgeuzia ukurasa. Wengi hufurahi, na wengi hulalamika kuhusu pua. Mara moja mzee mmoja alisema kwa upole kabisa, "Mwanangu, naomba hiyo karatasi uichane." Nikaichana, nikampa yeye. Akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati. Sijui hadi leo kama alikwenda kuichoma au kuitunza.

Huoni haya watu wakichungulia?

Mwezi wa kwanza, sana. Kaa mgongo ukutani, vaa visikilizio hata kama havipigi kitu. Baadaye utazoea.

Kuna mahali ambapo kuchora kunaleta matatizo?

Kambi za jeshi, vituo vya ukaguzi, mipakani na sehemu za usalama za viwanja vya ndege: funga daftari. Kumweleza askari kwamba unapenda tu umbo la paa ni mazungumzo marefu. Majumba mengi ya makumbusho huruhusu penseli na kukataza wino na rangi, kwa kuhofia madoa. Uliza mlangoni kabla hujakaa.

Shajara nayo? Mimi huandika siku mbili, ya tatu naacha.

Nimesoma shajara yangu ya zamani ya safari. Ukurasa baada ya ukurasa: "Tumeamka mapema. Tumefika salama. Mahali ni pazuri sana." Pazuri vipi? Aliyeandika alikuwa mimi na siwezi kumkumbusha chochote. Nadhani wengi huacha siku ya tatu kwa sababu wanaandika ripoti ambayo hakuna bosi wa kuisoma.

Andika vitu, acha tathmini. Sauti iliyokuamsha. Sentensi moja uliyoisikia mtu akimwambia mwenzake, kama ilivyotoka mdomoni. Kitu ulichokuwa umekikosea: ulidhani mto unaelekea kushoto, kumbe kulia. Kitu kilichokuwa mkononi mwa mtu. Mistari minne ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za "pazuri". Hisia zako usizifukuze, ila zipe kitu cha kushikilia: badala ya kuandika nilikuwa mpweke, andika kwamba uliwasha televisheni kwa lugha usiyoielewa ukaiacha ikiongea hadi usingizi.

Na usitenganishe maneno na michoro kwenye madaftari mawili, ni kujitafutia kazi. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alipokwenda Morocco mwaka 1832 kwenye msafara wa ubalozi wa Ufaransa, alijaza madaftari ambamo mchoro na maneno vinaishi ukurasa mmoja: hapa mlango, pembeni maneno ya rangi ya kivuli chake, chini alichokiona asubuhi. Hakuwa na muda wa kupaka rangi, akaiandika. Safari ilikuwa ya miezi michache tu, na aliendelea kuchora picha za Morocco hadi karibu na kifo chake mwaka 1863. Nami hufanya hivyo hivyo: mshale kutoka ukutani, "waridi, lakini chini kijivu kama majivu". Jioni nikipaka rangi, maneno yananiongoza kuliko picha ya simu, ambayo imeshaamua yenyewe kwamba ukuta ni wa machungwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata msafiri Ibn Battuta aliyaona hayo. Aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akazunguka dunia kwa karibu miaka 30, na njiani aliporwa baharini, yakapotea maandishi aliyokuwa amenakili kwenye makaburi ya wanazuoni wa Bukhara. Aliporudi alimsimulia mwandishi, Ibn Juzayy, safari zake zote, kazi ikakamilika mwaka 1355. Wasomi hadi leo wanabishana ni wapi kumbukumbu yake ilichanganya miaka na miji. Naye alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Mimi sikumbuki nilichovaa jana.

Lazima kila siku?

Hapana. Nimewahi kuacha miezi minne. Daftari halinuni.

Mimi sisafiri. Sina nafasi wala fedha. Hili linanihusu?

Linakuhusu kuliko anayesafiri. Msafiri anasaidiwa na ugeni, kila kitu kinamwita. Wewe itabidi uone bila kuitwa, na hapo ndipo jicho linapokomaa. Mchoraji Mwitaliano Giorgio Morandi aliishi maisha yake karibu yote mji mmoja, Bologna, akitoka nje ya Italia kwa nadra sana, na alitumia miaka mingi kuchora chupa, makopo na majagi yale yale juu ya meza chumbani kwake. Anazisogeza kidogo, anazichora tena. Alifariki mwaka 1964, na watu bado wanapanda ndege kwenda kuzitazama zile chupa.

Jaribu dirisha moja kwa mwezi mzima, saa tofauti. Nilipougua nikalazimika kukaa ndani nilichora dirisha langu mara 19. Kufikia mchoro wa nane nilikuwa nimejua jirani anafua siku gani, na kwamba mti wa mbele una matawi mawili yaliyokufa. Nilikuwa nimeishi hapo miaka mitano.

Nimalizie pale pale au nyumbani?

Mistari pale pale, rangi ukitaka nyumbani, lakini siku hiyo hiyo. Kitu kimoja usikiahirishe: vivuli. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa, kwa hiyo mchoro wa saa mbili unaanza na jua moja na kumalizika na jingine. Ukivifuata vivuli kadiri vinavyohama utapata jengo lenye majua mawili. Dakika tano za kwanza weka alama nyembamba mahali kivuli kilipo, kisha kiache jua liende zake, wewe baki na alama zako.

Kuna wenzangu wanaofanya hivi?

Wapo wengi. Mtandao mkubwa zaidi unaitwa Urban Sketchers, ulioanzishwa mwaka 2007 na Gabriel Campanario, mwanahabari na mchoraji aliyekuwa Seattle, Marekani. Una vikundi katika miji mingi duniani, na sharti lao kuu nalipenda: chora ukiwa mahali penyewe, kwa kile unachokiona. Kukutana ni rahisi tu, watu wanakaa saa mbili wakichora kitu kimoja, kisha madaftari yanawekwa chini na kila mtu anazunguka kutazama. Watu 12, kanisa moja, makanisa 12. Ukiwa na aibu, nenda. Utaona wa kwako si mbovu kuliko wote, na hata ukiwa ndio, hakuna anayejali.

Kuishi maisha ya ubunifu maana yake niache kazi?

Swali hili ndilo watu huniuliza kwa sauti ya chini. Jibu langu ni hapana, na najua linawavunja moyo baadhi. Niliwahi kujaribu kuishi kwa michoro kwa mwaka mmoja. Nilichora nilichoagizwa, kwa rangi nilizoagizwa, na daftari langu la mwaka huo lina kurasa tisa. Wapo wanaoweza yote mawili na nawaheshimu. Kwangu mimi mshahara ndio unaolilinda daftari: kwa kuwa halinilishi, halina wa kumtii. Dakika 20 kabla ya kazi zinatosha kwa mchoro mmoja. Wiki ina siku saba, hesabu mwenyewe.

Jihadhari pia na lile neno lenyewe, ubunifu. Limekuwa kama koti la kuazima, kila mtu analivaa akipigwa picha. Niliowajua kuwa wabunifu kweli walikuwa na tabia moja ya kuchosha: wakianza kuangalia kitu, huwezi kuwaondoa.

Michoro mibaya unaipeleka wapi?

Inakaa pale pale ilipozaliwa. Sichani ukurasa, isipokuwa mzee akiomba. Mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alipofariki mwaka 1851 aliacha michoro na picha za rangi za maji kama 30,000, ambayo leo iko mikononi mwa taifa la Uingereza. Kati ya hizo kuna kurasa zenye mikwaruzo mitatu ya penseli: kilima, mlingoti, labda wingu. Hakuzitupa. Kwake mikwaruzo mitatu ilitosha kumrudisha pale miaka baadaye.

Ila tia tarehe na mahali. Mchoro mbaya wenye tarehe ni kumbukumbu. Usio na tarehe ni mchoro mbaya tu.

Umewahi kupoteza daftari?

Moja. Nililiacha kwenye mfuko wa nyuma wa kiti cha basi, mfuko ule wa wavu, nikakumbuka nikiwa nimeshakaa kitandani. Lilikuwa limebakisha kurasa sita kujaa. Nilipiga simu ofisini kwao siku tatu mfululizo. Siku ya nne aliyepokea alinitambua kwa sauti, nikaona haya, nikaacha. Halikuwa na jina wala namba ndani. Mtu aliyeliokota, hata kama alikuwa malaika, angelirudisha kwa nani?

Nilijaribu kuyachora upya yaliyokuwemo. Kati ya kurasa zaidi ya 70 nilizipata 31 kichwani, na cha kushangaza ni kwamba nilizipata karibu zote kama mkono ulivyokwenda: naanza na kona ya paa, halafu bomba, halafu yule mwanamke mwenye mwavuli. Za maandishi peke yake hazikurudi hata moja. Tangu hapo kila jioni ya safari nazipiga picha kurasa za siku ile kwa simu. Karani, kama nilivyosema.

Madaftari yaliyojaa unayatunzaje?

Yasimame wima kama vitabu, mbali na dirisha. Mwanga hufifisha wino na rangi nyingi, unyevu huleta ukungu, na ukungu ukiingia daftari moja huwatembelea majirani. Penseli laini hupakaa kwenye ukurasa unaoitazama, kwa hiyo katikati naweka karatasi nyembamba. Kwenye mgongo wa daftari nabandika mwaka na mahali, kwa penseli, wino nao hufifia.

Lile lenye ndara ni la nne kutoka kushoto. Mchoro umeanza kufutika kwenye kisigino cha kushoto, kwa sababu kila wa nyumbani anayelifungua huweka kidole hapo.